Nurdini Anatafutwa kwa Kumdhuru Hamida

Mgambo wawili walipoingia uani kwetu Chang'ombe, Dodoma, kumtafuta Nurdini, aliyewapa viti alikuwa Hamida. Walikaa, wakapokea maji, wakashukuru. Kisha mkubwa wao akamwambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayezungumza na mfiwa:

"Dada, usiogope tena. Huyo Nurdini aliyekufanyia unyama tutamtia mkononi. Wewe tuonyeshe tu analala chumba kipi."

Hamida akanitazama mimi, mimi nikatazama sufuria. Maana Hamida na Nurdini ni mtu mmoja, na pale uani hakuna asiyejua, hata kuku.

Lakini nikianzia hapo nitawachanganya, kama ofisi zilivyotuchanganya sisi. Nianze na mtu mwenyewe.

Hamida ni fundi wa mapazia. Alizaliwa Kondoa, kwenye vilima vya Warangi, mtoto wa Mzee Abubakari, mkulima wa alizeti na mbaazi. Akapewa jina Nurdini, akatahiriwa na rika lake, akakalishwa madrasa upande wa wavulana. Yeye husema haikuwapo siku aliyoamka akawa mwanamke. Anasema walikuwa wakimwita upande ule naye akiitika kwa adabu, kama unavyomwitikia mgeni anayemuulizia ndugu yako aliyetoka. Alipokuwa mkubwa akachoka kuitika. Baba yake hakumfukuza. Aliacha tu kumtazama walipokaa kula, na nyumba usimotazamwa haikaliki. Akashuka Dodoma na cherehani.

Alishuka wakati mzuri. Serikali ilikuwa inahamia, ofisi zinaota kama uyoga, na kila ofisi ina madirisha, na kila dirisha linataka pazia kabla bosi hajafika. Hamida alishona, akapanga chumba kwetu. Siku za mwanzo tulijiuliza tumwiteje. Watoto wakamaliza mjadala: anti. Mume wangu Sila, Mgogo wa Mpwapwa asiyependa kukosea, akamwita "fundi", na mpaka leo ni fundi. Bafuni tulimpa zamu ya akina mama, kwa sababu ndiyo zamu ya umbea, na umbea anao wa kutosha.

Basi akatokea mjenzi mmoja, Mudrick, aliyekuwa anamalizia nyumba Mkonze. Alimwita akapime madirisha. Nyumba ilikuwa imeezekwa lakini bado pagale, haina milango wala jirani. Humo ndani Mudrick alimbaka. Sitasimulia zaidi ya hapo. Hamida mwenyewe amelisimulia jambo hilo kupita kiasi cha binadamu, na hilo ndilo nililokaa hapa kulieleza.

Alirudi kwa miguu kutoka Mkonze, futi kamba ya kupimia bado ikining'inia shingoni. Mimi nilikuwa nasukuma chapati.

"Mama Ernest, nichemshie maji nioge."

Nilimwona macho, nikaacha chapati. Kanisani tulishawahi kupewa semina na muuguzi mmoja, nikakumbuka alivyotuambia.

"Usioge kwanza, mwaya. Twende hospitali."

"Wataniuliza mimi ni nani."

"Si utawaambia?"

"Hapo ndipo pagumu," akasema.

Hospitali tuliyokwenda ina chumba cha waathirika wa ukatili, na mlangoni pameandikwa kwa rangi nyekundu: Wanawake na Watoto. Mapokezi Hamida alitoa kitambulisho. Dada wa mapokezi akasoma: Nurdini Abubakari, mwanamume. Akainua macho, akamwona msichana wa dera na mtandio.

"Hiki ni cha nani?"

"Changu."

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Ndiye mimi."

Dada yule akafikiri, akaandika faili la Nurdini, na kwa kuwa Nurdini ni mwanamume, akatuelekeza kliniki ya wanaume. Kliniki ya wanaume pale ilikuwa ni ya tohara. Tukakaa kwenye benchi na wavulana wadogo waliotoa macho, kila mmoja na baba yake. Baba mmoja akasogea kumpisha Hamida.

"Umemleta nani, dada?"

"Nimejileta."

Yule baba akasogea tena, mpaka akafika ukingoni mwa benchi. Tulipoitwa, daktari wa tohara alisikiliza nusu, akampima, akatoka nje kwa unyenyekevu kabisa, akaniambia mimi: "Mama, huyu ameshatahiriwa. Hapa hatuna la kumsaidia."

Tuliyemwona mwenye akili zake siku hiyo alikuwa tabibu kijana anaitwa Jordan. Alitukuta tumesimama korido, akauliza, akaambiwa, akasema pole. Lakini hata yeye akatuomba fomu ya polisi ndipo mambo yaende. Tukaenda polisi.

Kwenye dawati la jinsia alikuwepo Afande Naima, mama mmoja mnene mwenye sauti nzuri. Aliuliza jina. Hamida akajibu Hamida. Afande akaandika Hamida, na penye jinsia akaandika alichokiona. Hapo niliona kama tumefika nchi nyingine. Shida ilikuwa ukuta. Dawati lile lilitengwa na meza ya trafiki kwa ubao mwembamba, na Hamida alipofika kwenye maneno mazito akanyamaza avute pumzi, upande wa pili dereva mmoja akauliza, "Ehe, ikawaje?"

Afande Naima aligonga ubao kwa rula. Hamida akaendelea kwa kunong'ona.

Tukarudi hospitali na fomu. Mtoa dawa akaikagua mbele na nyuma.

"Fomu hii ni ya Hamida. Faili ni la Nurdini. Dawa ya Hamida siwezi kumpa Nurdini."

"Mpe Hamida," nikasema.

"Hamida hana faili."

"Basi mpe Nurdini."

"Nurdini hana fomu."

Ile dawa ya kuzuia virusi ina muda wake, ukipita ni kama umemeza chaki. Nilianza kulia kwa hasira. Jordan akaja, akasikiliza ubishi wote, akauliza swali moja tu: "Majina mawili sawa. Tumbo ni moja?"

"Moja," Hamida akajibu.

"Ameze."

Akameza. Jordan akampima, akaandika alichokiona, akamkabidhi vidonge vya mwezi mzima.

Ndivyo walivyozaliwa watu wawili. Ofisi ya ustawi wa jamii iliongeza lake. Afisa wao, Bwana Nikodemo, ni mtu makini, anapiga simu kila mahali. Alipiga polisi, akaambiwa kuna Hamida. Alipiga hospitali, akaambiwa kuna Nurdini, mwanaume, tukio hilohilo, siku hiyohiyo. Alinipigia mimi akaniuliza Hamida anaishi wapi, nikamwambia. Akaniuliza na Nurdini je? Nikajibu ukweli wa Mungu: chumba hichohicho. Naye akaandika: wanaishi pamoja.

Karatasi hiyo ikapita mkono hadi mkono, mpaka ikamfikia mtu mwenye haraka pale ofisi ya kata. Mwanamke kabakwa. Mwanamume anaishi naye. Mwanamume huyo alionekana hospitali siku ya tukio, akizunguka kliniki. Mtuhumiwa kapatikana.

Wakati huo Mudrick alikuwa Mkonze anapiga lipu. Hata alimtumia Hamida ujumbe: mapazia vipi, mbona kimya?

Sasa tumerudi kwa mgambo na maji yao.

"Nurdini hajanidhuru," Hamida akawaambia.

"Dada, wote husema hivyo."

"Nurdini ni mimi."

Mgambo mkubwa akatikisa kichwa, akamgeukia mwenzake. "Umesikia? Mwanamke akipenda, anajibebesha mpaka kesi ya mwenzake." Wakakagua chumba. Wakatazama uvunguni, wakapekua marobota ya vitambaa. Wakakuta kofia ya kiume, baraghashia, aliyoondoka nayo Kondoa, wakaichukua kama ushahidi kwamba Nurdini yupo na ametoroka. Wakaacha wito: Nurdini Abubakari afike ofisi ya kata Alhamisi asubuhi. Na kwa kuwa kitambulisho kilionyesha Kondoa, ofisi ikapiga simu mpaka kijijini kwao.

Walipoondoka Hamida alicheka. Alicheka mpaka akakaa chini, na alipokaa kicheko kikageuka. Nilikaa naye. Tangu Mkonze alikuwa hajalia.

Alipomaliza akajifuta na kanga, akasema, "Alhamisi nakwenda."

"Kama nani?"

"Kama wote wawili. Lakini nataka wote wawe chumba kimoja. Mama Ernest, nimelisema jambo hili mapokezi, nimelisema kwenye benchi la tohara, nimelisema na dereva akiwa ananisikiliza, nimemwambia Nikodemo, na Nikodemo kanituma kwa mshauri, na mshauri kaniambia nianze mwanzo. Kila mmoja ananipa pole kama wa kwanza."

Akachukua simu. Akampigia Afande Naima, akamwambia kwamba Jordan na Nikodemo wamekubali kukutana Alhamisi. Akampigia Jordan, akamwambia kwamba afande na Nikodemo wamekubali. Akampigia Nikodemo, akamwambia wamebaki yeye tu. Hakuna aliyekuwa amekubali lolote, ila kila mmoja aliona aibu kuwa wa mwisho.

Alhamisi tukafika. Nikodemo alikuwa amepanga viti vizuri. Kiti cha Hamida kiliwekwa karibu na Afande Naima, kina kitambaa. Kiti cha Nurdini kiliwekwa mbali, pembeni ya mlango, na mgambo wa juzi amesimama nyuma yake na rungu, akilinda kiti kitupu. Jordan alikuwepo na koti lake jeupe. Alikuwepo pia mwendesha mashtaka, bwana mmoja mwembamba aliyekuja kusikiliza.

"Tumsubiri Nurdini," Nikodemo akasema.

"Nipo," Hamida akasema.

"Tunajua upo, dada. Tumsubiri mwenzio."

Jordan akataka kusema, Nikodemo akamwinulia kiganja, tukasubiri. Mlango ukabishwa, mgambo akainua rungu, akaingia mzee wa kanzu iliyopigwa vumbi la safari, ameshika jogoo kwapani. Alikuwa Mzee Abubakari. Alikuwa ametoka Kondoa na basi la kwanza.

"Shikamoo mzee," tukamwamkia wote.

"Marahaba." Hakututazama vizuri, alikuwa amejaa maneno aliyoyapanga njia nzima. Akamweka jogoo chini, akamkanyagia kamba. "Mimi ni baba yake Nurdini. Nimeambiwa kwenye simu kwamba kijana wangu kambaka binti wa watu. Nimekuja kusema kwamba hilo si kweli. Mimi na Nurdini tuna yetu, hatujazungumza miaka. Ana mambo yake nisiyoyaweza. Lakini kumshika mtu kwa nguvu, hapana. Mtoto yule alikuwa anamlilia mbuzi wa Idi. Jogoo huyu si rushwa. Ni wa binti aliyeumizwa, maana hata kama si mwanangu aliyemuumiza, kaumizwa."

Nikodemo aliguswa, nilimwona. Akanyoosha mkono kwa heshima. "Mzee, binti mwenyewe ndiye huyu hapa."

Mzee akageuka ampe pole. Hamida alikuwa ameinamisha kichwa. Akaufungua mtandio kidogo.

"Shikamoo, baba."

Jogoo akawika. Alivyowika ni kama anataka kutusaidia, na mgambo, kwa kuwa hakujua la kufanya, akamwambia jogoo "Shh!"

"Marahaba," mzee akajibu, taratibu. Akamtazama. Ni miaka mingi alikuwa hajamtazama, akamtazama yote kwa pamoja, dera, hina, uso. "Ni wewe uliyeumizwa?"

"Ni mimi, baba."

"Na wanayemtafuta ni wewe?"

"Ni mimi."

Mzee Abubakari akawageukia maofisa. "Sasa huyo aliyemuumiza mwanangu anatafutwa na nani?"

Afande Naima akamtazama Jordan. Jordan akamtazama Nikodemo. Nikodemo akatazama karatasi zake, akazigeuza, kama huenda jibu liko nyuma. Mgambo akashusha rungu, akalisimamisha ukutani, kisha akatoa ile baraghashia mfukoni na kuiweka juu ya kiti kitupu.

"Tuanze upya," Nikodemo akasema. "Hamida, tueleze."

"Hapana," Hamida akasema.

"Samahani?"

"Sielezi tena. Mmeniandika kila mmoja kwa mkono wake. Someni mlichoandika. Mkikosea nitawarekebisha."

Wakasoma. Sijapata kusikia kitu kama kile. Kwenye karatasi ya mmoja, tukio lilitokea kwenye pagale huko Mkonze. Kwenye ya mwingine, Mkonze lilikuwa jina la mtuhumiwa, na hajulikani anakoishi. Karatasi ya tatu ilisema silaha iliyotumika ni futi kamba. Mshauri, ambaye hakuja lakini karatasi yake ilikuja, alipendekeza Hamida na Nurdini wajifunze kusikilizana. Hamida alirekebisha moja moja, bila kupandisha sauti. "Mkonze ni mahali. Anaitwa Mudrick. Namba yake ninayo, juzi kaniulizia mapazia." Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti cha mtuhumiwa kwa kuwa ndicho kilichobaki, amepakata baraghashia, anasikiliza kwa mara ya kwanza na ya mwisho, maana baada ya pale hakumuuliza mwanawe tena.

Yule mwendesha mashtaka akakohoa. Akasema jambo hili lina ugumu: kama ni Hamida, sheria inaliita kubaka; kama ni Nurdini, sheria ina jina lingine, kinyume cha maumbile, na hilo jina lingine lina hatari ya kumgeukia hata mlalamikaji, watu wataanza kuuliza anaishije, na nani.

Mkono wa Hamida uliniingia mkononi, wa baridi kama bomba. Hapo ndipo alipokuwa anapaogopa tangu siku ya kwanza.

"Mheshimiwa," Afande Naima akasema, "aliyefanyiwa kwa nguvu hana kosa kwa jina lolote utakalochagua. Wewe chagua kifungu. Mimi naenda kumkamata Mudrick. Anayetaka kuuliza huyu anaishije, aje aulize kwangu, na aje na fomu."

Mwembamba yule akaandika kitu, akafunga kalamu.

Baada ya pale walizungumza wao kwa wao, na nilishangaa jinsi walivyokuwa wageni. Jordan hakujua kwamba Afande Naima angeweza kuchukua maelezo hospitalini, mgonjwa akiwa palepale kitandani. Afande hakujua kuna chumba tupu nyuma ya maabara chenye mlango unaofungika. Nikodemo hakuwa na namba ya simu ya mtu yeyote kati yao. Simu zake zote zilipitia mapokezi. Wakapeana namba. Wakakubaliana kwamba akija mtu wa namna hii, au wa namna yoyote, anaanzia alipofika, dawa kwanza, na afande ndiye anayemfuata yeye. Anaeleza mara moja, chumbani, na anayetaka kujua anasoma. Faili liwe moja, la jina analojiita, na lile la kitambulisho liandikwe chini yake kwa ajili ya mahakama. Nikodemo awe mtu wa kumshika mkono mpaka mwisho, ili mtu asitangetange. Jordan akaahidi kuzungumza na dada wa mapokezi. Akaahidi pia kuzungumza na daktari wa tohara, ambaye kumbe hakuwa na kosa, alikuwa akijiuliza kila wiki kwa nini anatumiwa watu wazima wanaolia.

Mudrick alikamatwa Mpwapwa, alikokuwa amepata kazi nyingine, amekaa nyuma ya bodaboda na mfuko wa saruji. Kesi iko mahakamani. Imeahirishwa mara nyingi: shahidi hakufika, umeme ulikatika, hakimu alihamishwa. Sijui itaishaje. Karani anapoita, huita majina yote mawili, na Hamida husimama mara moja. Kuna siku watu hucheka. Nikodemo hukaa naye benchi moja, na wakicheka yeye hukohoa kwa nguvu mpaka wanaacha; ndiyo njia pekee aliyobuni, na kifua kimeanza kumuuma.

Mzee Abubakari alikaa kwetu siku chache. Hatukumchinja jogoo, maana Hamida alikataa. Sila alimpa mzee kampani, wakazungumzia mvua na bei ya alizeti, na jambo lenyewe wakalizunguka kwa mbali kama ng'ombe wanaoogopa josho. Wakati wa kula mzee alikaa anamwangalia mwanawe. Hakuwahi kumwita Hamida. Wala Nurdini hakumwita tena. Sasa akipiga simu huuliza, "Mwanangu ameamkaje?" Hamida hujibu kwamba ameamka vizuri, hata siku ambazo hakulala. Ziko siku hizo. Hapimi tena nyumba isiyo na watu. Hunichukua mimi nimshikie futi kamba, na chapati zangu zinaungua.

Mwezi uliopita Jordan alimpigia akamwomba aje hospitali. Kulikuwa na kijana wa nje ya mji, kutoka familia ya wafugaji, aliyezaliwa wakamwita Loisi, na sasa anajiita Elieza, anavaa suruali na kuchunga kama kaka zake. Yaliyompata yalifanana. Amekaa kwenye ngazi, amegoma kuingia. Hamida akakaa kando yake, mimi nikakaa ngazi ya chini.

"Humo ndani kuna nini?" kijana akauliza.

"Kuna daktari na afande mwanamke, chumba cha nyuma ya maabara. Mlango unafungwa."

"Wataniuliza nini?"

"Jina."

"Lipi?"

"Lako."

"Halafu?"

"Halafu utasema yaliyokupata. Mara moja. Akitokea mwingine anakuuliza tena, mwambie akasome, na kama hawezi kusoma niite mimi."

Kijana akautazama mlango. Getini mlinzi alikuwa anatutazama, akashindwa kuvumilia, akaja mpaka pale ngazini.

"Samahani jamani. Kati yenu hapa, mgonjwa ni yupi, na ni wa upande gani?"

"Mgonjwa ni mimi," Elieza akasema, akainuka. "Chumba cha nyuma ya maabara ni kipi?"

Mlinzi akamwonyesha kwa kidole.